Sheria niliyoambiwa mtaani na sheria niliyoikuta mahakamani

Tangu usiku ule niliobakwa hadi siku hukumu inasomwa, watu wengi walinieleza sheria inasemaje. Jirani alinieleza. Mhudumu wa zahanati alinieleza. Mjomba wangu alinieleza kwa kirefu, kijijini Bahi, chini ya mkwaju, wazee wenzake wakiitikia. Niliambiwa bila jeraha hakuna kesi, bila mtu aliyeona kwa macho hakuna kesi, bila PF3, ile fomu ya polisi, hupewi hata kidonge, na kwamba mambo haya wakubwa wa pande mbili wakikaa yanakwisha. Karibu yote hayo hayamo katika sheria yoyote ya Tanzania. Wengi walioyasema hawakunitakia mabaya, walirudia tu walivyosikia. Lakini ningewafuata, aliyenibaka angekuwa bado ananisalimia kila asubuhi.

Naandika kwa ajili ya dada, mama au binti ambaye leo yuko pale nilipokuwa, na kwa ajili ya yule atakayemshika mkono. Kitendo chenyewe sitakisimulia. Nilikieleza mahakamani, na pale panatosha.

Nilikuwa na miaka 26, nafanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu hapa Dodoma, nimepanga chumba Nkuhungu. Aliyenifanyia ni ndugu wa mwenye nyumba. Tulikuwa tunateka maji bomba moja. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani watu hudhani mbakaji ni mtu anayevamia gizani na sura haijulikani, halafu akiwa ni mtu unayemfahamu wanaanza kuuliza mlikuwa na mahusiano gani. Sheria haiulizi hivyo. Inauliza kama ulikubali. Na kumfahamu, ingawa kuliniumiza zaidi, kuliisaidia kesi, kwa kuwa usiku uleule nilimtaja kwa jina. Mahakama zetu hulipa uzito mkubwa jambo hilo: shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema, kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye, huaminika kuliko aliyemtaja baada ya wiki mbili. Kwa hiyo kama unamjua, mtaje. Mwambie hata mtu mmoja. Huyo mtu naye anaweza kuja kuwa shahidi.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa rafiki tunayefanya naye kazi. Nilimpigia simu nikashindwa kusema, akaja na bodaboda. Nilichotaka ni kuoga. Nilikuwa nimeshachota maji. Akanishika mikono akaniambia, "Mdogo wangu, najua. Lakini tukienda hospitali kwanza utaoga baadaye, nitakuogesha mwenyewe." Zile nguo akazikunja akaziweka kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa wa sukari. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuozesha vielelezo, karatasi ni salama. Yeye hakujua hilo, ulikuwa tu mfuko uliokuwa karibu. Na kama wewe umeshaoga, umeshafua, bado nenda. Daktari ana mengi ya kupima na kutibu, na kesi haisimami kwenye nguo peke yake.

Tulianzia zahanati ya karibu. Mhudumu aliyekuwa zamu hakuniangalia usoni. Akasema niende polisi nikalete PF3 kwanza, ndipo nihudumiwe. Tulibaki kwenye benchi, upepo wa Julai unapiga, sijui niende wapi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kurudi nyumbani, na nawaelewa kabisa.

Sasa sikiliza vizuri. PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza alichokikuta mwilini mwako. Ni muhimu kwa kesi na inatolewa bure. Lakini matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi. Kinga dhidi ya maambukizi ya VVU, ile wanayoiita PEP, lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa unayowahi inakuongezea usalama. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kinafanya kazi vizuri zaidi kikinywewa mapema, na mwisho wake ni kama siku tano. Saa hizo zikipita hakuna hakimu anayeweza kukurudishia. Fomu inaweza kufuata.

Rafiki yangu hakubishana na yule mhudumu. Alimpigia simu dada mmoja muuguzi wanayesali pamoja, ambaye alituuliza swali moja tu: kwa nini hamjaenda kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono? Hatukuwa tumewahi kukisikia. Ni kitengo ndani ya baadhi ya hospitali kubwa ambapo daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii na ushauri nasaha vinapatikana mahali pamoja, ili usizungushwe kusimulia yaleyale kila dirisha. Pale askari wa kike alinipa PF3 ndani ya chumba kilekile, daktari akaijaza, na sikulipa kitu. Kama wilayani kwako hakipo, nenda hospitali ya wilaya na ufike Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Mtendaji wa kata au afisa ustawi wa kata anapaswa kujua dawati la karibu lilipo.

Daktari alinieleza kila anachotaka kufanya kabla hajakifanya, na aliniambia nina haki ya kumwambia asimame. Niliwahi kumsimamisha. Alisubiri. Nikapimwa VVU, nikapewa dawa za kuzuia magonjwa ya zinaa, kidonge cha dharura, chanjo ya homa ya ini, na PEP ya siku 28. Hizo dawa hazikunipenda. Kichefuchefu asubuhi, mwili mzito, hata harufu ya karanga za kuunga mlenda ikawa inanitapisha. Wiki ya pili nilitaka kuziacha. Muuguzi akanishauri nizinywe usiku baada ya kula, nikamaliza. Baada ya miezi mitatu nilipima tena, nikalia pale dirishani kwa furaha.

Maelezo ya polisi nilidhani ni jambo dogo la kujaza karatasi. Kumbe ndiyo mzizi wa kesi nzima. Unachosema siku ile kinaandikwa, unasaini, na miezi kadhaa baadaye ukiwa kizimbani mtu anaweza kukifungua na kukuuliza kwa nini leo unasema saa mbili wakati uliandika saa tatu. Askari wa dawati alikuwa mama wa makamo, mpole. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasikia kalamu inakimbia kuliko maneno yangu. Rafiki yangu aliyekaa nje alikuwa ameniambia: usisaini usichokisoma. Nikaomba nisome. Palikuwa na mahali pameandikwa "walikuwa wakizungumza" wakati mimi nilisema alinifuata nikamwambia aondoke. Nikaomba parekebishwe, pakarekebishwa, bila ugomvi. Kwa mama asiyejua kusoma, aombe asomewe polepole mpaka mwisho. Una haki pia ya kuomba askari wa kike, na ya kuhojiwa mahali ambapo watu waliokuja kufuatilia simu zao zilizoibwa hawakusikii. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na jina la mpelelezi. Weka kwenye simu na kwenye karatasi pia.

Na usiseme tu "alinibaka" ukanyamaza. Mjomba wangu mwingine, ambaye ni mwalimu, alidhani nikisema hivyo inatosha, kwa heshima. Haitoshi. Kwa mtu mzima, upande wa mashtaka lazima uthibitishe mambo mawili: kwamba uume uliingia, hata kidogo tu, na kwamba hukuridhia. Mahakama ya Rufani imeshawaachia watu kwa sababu shahidi alitaja kosa bila kueleza kilichotokea. Ipo huruma, mahakama hiyohiyo imekubali nyakati nyingine kwamba mila zetu zinatufanya tuongee kwa kuficha, na ikaelewa. Lakini usiitegemee huruma hiyo. Sema sehemu za mwili kwa majina yake. Nilifanya mazoezi chumbani peke yangu, midomo ikitetemeka, mpaka nikaweza.

Jirani aliposikia niko polisi akaja na swali lake: "Mbona huna hata mchubuko? Hukupiga kelele?" Usiku ule sikulala, nikawaza labda kweli. Wiki hiyo msaidizi wa kisheria wa kata alinifungulia Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130, kama kilivyobadilishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kimeandikwa wazi kwamba si lazima kuwepo ushahidi wa ukinzani, kama majeraha mwilini, ili kuthibitisha kwamba hakukuwa na ridhaa. Nikamwomba arudie kusoma. Mwili wangu ulikuwa umeganda usiku ule, sikuweza hata kupaza sauti, na hapa kuna sheria iliyotungwa nikiwa mtoto mdogo inayosema kuganda si kukubali. Akanisomea pia Sheria ya Ushahidi: katika makosa haya mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli tupu. Ndiyo maana mtu aliyeona kwa macho si sharti. Nani huita mashahidi kabla ya kubaka?

Wasaidizi wa kisheria hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni ya bure. Wapo pia mawakili wa vyama kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imekuwa ikipita mikoani. Sikuhitaji wakili wa kuniendeshea kesi, nitaeleza kwa nini, ila nilihitaji mtu wa kunisomea sheria kwa sauti.

Sasa Bahi.

Mama aliniita nyumbani. Nilidhani ananiita nipumzike. Nilipofika nikakuta vigoda vimepangwa, baba mdogo yupo, mjomba yupo, na watu wawili wa upande wa pili ambao niliwaamkia kabla sijajua ni akina nani. Wakasema kijana amekosa, wanaomba radhi, wataleta ng'ombe na fedha za matibabu, ila niende polisi nikafute kesi. Mjomba akasema ng'ombe wataisaidia nyumba, na kwamba kesi ikisikika nitaolewa na nani. Mama alikuwa anaangalia chini. Ng'ombe wale walikuwa na maana, mwaka ule mvua zilikuwa haba na uwele ulikauka shambani. Sitaki msomaji adhani familia yangu ni ya watu wabaya. Ni watu wenye njaa waliozoea kwamba jambo zito humalizwa kwa mifugo, kama walivyoona kwa baba zao.

Kilichoniokoa ni kitu alichoniambia yule msaidizi wa kisheria. Kesi ya jinai haiitwi kwa jina langu. Ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, mimi ni shahidi. Anayeweza kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia mawakili wake wa serikali, si mimi, si mjomba. Usuluhishi unaoruhusiwa katika kesi za jinai ni kwa makosa madogo, na kubaka ni kosa kubwa. Tena kupokea mali ili kuficha kosa kubwa nako ni kosa. Nikawaambia wazee kwa adabu, nimepiga magoti: "Mjomba, hata nikitaka siwezi kuifuta. Si yangu." Pakawa kimya. Mzigo ambao walitaka niubebe, wa kuwa mimi ndiye ninayemfunga mtoto wa watu, ulihama. Mjomba hakufurahi na hatukusemeshana kwa muda mrefu. Mama alinisindikiza hadi stendi. Garini, kabla halijaondoka, akaniambia kwa Kigogo nisirudi nyuma. Ni mama huyohuyo aliyekuja kutoa ushahidi kuhusu hali aliyonikuta nayo siku iliyofuata tukio.

Kuna dada nilikutana naye kwenye korido za mahakama ambaye mume wake alikuwa akimlazimisha. Alidhani yuko kwenye njia moja na mimi. Hakuwa. Kifungu kilekile cha 130 hakimhesabu mume kuwa amembaka mkewe isipokuwa kama wametengana. Anaweza kumshtaki kwa kumpiga au kumjeruhi, anaweza kwenda dawati la jinsia, anaweza kuomba talaka chini ya Sheria ya Ndoa, lakini kosa lile halikuandikwa kwa ajili yake. Nalisema kwa uchungu: ni pengo, na linapaswa kuzibwa. Nimelitaja ili mke asije akaambiwa vingine kisha akaumia mara mbili.

Aliyenibaka alikamatwa, akafikishwa Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya mwanzo haina mamlaka ya kosa hili, kwa hiyo ukisikia mtu anataka ipelekwe huko kwa jina jepesi kama shambulio, shtuka, uliza. Akapewa dhamana yenye masharti. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa hilo. Nilimwona sokoni Majengo akinunua vitunguu, nikaacha kikapu changu pale pale. Dhamana si kuachiwa, ila mwili haulijui hilo. Siku chache baadaye nikaanza kupokea ujumbe kwa namba ngeni, ukinitakia ajali. Sikuufuta. Nikapiga picha ya skrini, nikampelekea mpelelezi na wakili wa serikali. Kumtisha shahidi ni sababu tosha ya kuomba dhamana ifutwe, na tangu 2015 tuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Aliitwa mbele ya hakimu akaonywa, ujumbe ukakoma.

Nilihama. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, chumba Ipagala, na tangu makao makuu yahamie huku vyumba vimepanda bei. Nilitumia akiba yote niliyokuwa naiweka kwa ajili ya cherehani. Nikapoteza na kazi kwa muda, kwa sababu mwenye kibanda alichoka ruhusa zangu za kwenda mahakamani. Gharama za kesi hii hazikuwa za serikali, huduma zilikuwa bure. Zilikuwa nauli, vocha, kodi, na siku ambazo sikuuza. Ziweke akilini na ukipata mtu wa kukuchangia, mwombe nauli.

Mara moja tu niliombwa fedha. Mtu mmoja katika ofisi moja aliniambia "faili linahitaji mafuta". Nilimwambia sina, na rafiki yangu akamuuliza kwa sauti jina lake na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa. Namba hiyo ni 113, ni bure. Faili likatembea.

Kisha kuahirishwa. Upelelezi haujakamilika. Hakimu yuko likizo. Shahidi hajaletewa wito. Kila tarehe niliamka alfajiri, nikafunga kilemba, nikapanda daladala, nikarudi bila kusema neno. Nikajifunza kumpigia mwendesha mashtaka siku moja kabla kuuliza kama kesi itasikilizwa kweli. Jambo dogo, liliniokolea nauli nyingi na usiku mwingi wa kutolala. Huyu mwendesha mashtaka ndiye aliyenifanya nisihitaji wakili wangu mwenyewe: kazi ya kuthibitisha kosa ni ya serikali. Jitambulishe kwake mapema, mweleze mashahidi wako ni akina nani, na umwombe akutane na wewe kabla hujatoa ushahidi.

Siku ya ushahidi niliogopa kuona chumba kimejaa. Nilipoitwa, hakimu akaamuru watu wote watoke. Ndivyo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inavyotaka: ushahidi katika kesi za makosa ya kujamiiana hupokelewa faragha, na magazeti au vyombo vingine haviruhusiwi kuutangaza pamoja na mashahidi wake. Walibaki hakimu, karani, wakili wa serikali na mshtakiwa. Hakimu asipokumbuka, mwambie wakili wa serikali aombe. Yote yalikwenda kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Zamani ungeongea Kiswahili hakimu akaandika Kiingereza, usijue alichokiandika.

Hakuna kilichoniandaa kwa hili: mshtakiwa hakuwa na wakili, kwa hiyo alinihoji yeye mwenyewe. Mtu yuleyule, hatua chache kutoka nilipo, ananiita "dada" na kuniuliza maswali. Niliangalia ukutani juu ya kichwa cha karani. Nilijibu swali lililoulizwa, si zaidi. Nilipokuwa sikumbuki nilisema sikumbuki. Aliponiuliza ni wanaume wangapi nimewahi kuwa nao, hakimu alimkatisha kabla sijafungua mdomo na kumwambia swali hilo lisirudiwe. Hakimu anao uwezo wa kuzuia maswali ya kudhalilisha na kutukana. Nilipolia, nilipewa muda. Kuna maji mezani, omba. Kulia hakupunguzi ushahidi.

Daktari naye alikuja, akasoma PF3 kwa sauti baada ya kupokelewa kama kielelezo. Nilidhani ni utaratibu wa bure, mpaka msaidizi wa kisheria aliponionyesha hukumu za Mahakama ya Rufani kwenye tovuti ya TanzLII ambapo fomu hiyo iliondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu tu haikusomwa mbele ya mshtakiwa. Kesi nyingine zilisimama hata bila hiyo fomu, kwa nguvu ya maneno ya mwathirika. Hapo ndipo nilielewa kwa nini alikuwa ananisisitiza nieleze kila kitu kwa mdomo wangu, nisitegemee karatasi isemee.

Alitiwa hatiani. Miaka 30, ambayo ndiyo adhabu ya chini kwa kosa hili kwa mtu mzima, na aliyebakwa akiwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Sikushangilia. Mama yake alikuwa kwenye korido, mwanamke wa umri wa mama yangu, tukapishana bila kutazamana.

Kwa mtu ambaye imeshapita muda, labda mwaka, labda zaidi: sheria haijaweka ukomo wa muda wa kuripoti kosa hili. Utaulizwa kwa nini ulichelewa, na jibu la kweli, kama vile nilitishwa au nilikuwa naishi nyumbani kwake, ni jibu linalosikilizwa. Kama aliyefanyiwa ni mtoto, piga 116, ni bure, na usimhoji mtoto mwenyewe mara kwa mara kabla hajafika kwa wanaojua kumhoji. Kama ni mtoto wa kiume, kosa litaitwa kulawiti au udhalilishaji, lakini dawati ni lilelile, hospitali ni ileile.

Na wewe uliyepigiwa simu usiku: usiulize alivaa nini wala alikuwa anatoka wapi. Mwambie pole, mwambie unamwamini, tafuta usafiri. Kisha andika pembeni saa uliyopigiwa na maneno aliyokuambia, kwa sababu unaweza kuitwa.

Fidia. Sheria inaitaka mahakama iamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyemdhuru, juu ya kifungo. Mimi nilikuwa sijui. Wakili wa serikali aliikumbusha mahakama, hakimu akapanga kiasi. Mwombe wakili wa serikali aitaje kabla adhabu haijatolewa. Hadi leo sijapokea hata shilingi. Nimeshauriwa niandike barua mahakamani kuomba amri itekelezwe, kwa kuwa ana kiwanja kwa jina lake, na msaidizi wa kisheria ananisaidia kuiandaa.

Amekata rufaa Mahakama Kuu. Niliposikia, nilidhani nitarudi kusimama tena mbele yake. Wakili wa serikali akaniambia hapana: katika rufaa jaji husoma mwenendo wa kesi, yale yote yaliyoandikwa siku ile tukiwa faragha, na kwa kawaida shahidi haitwi tena. Amenipa namba ya rufaa. Nampigia kila mwanzo wa mwezi kuuliza tarehe.